Mashua ya tanga, mashine ya farasi 15: uchambuzi wa kisa kimoja cha Ghuba ya Menai

## Chombo na watu wake

Chombo cha kisa hiki ni mashua ya mbao ya kusini mwa Unguja. Kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma) ina mita 6.4, na sehemu inayokaa majini ni mita 5.8. Bao la tezi ni bapa, mlingoti mmoja, tanga la pembe tatu kwenye foromali (mti mrefu unaobeba tanga), msukani umening'inizwa katikati ya tezi. Mbao zake ni za mwembe, mataruma (mbavu za chombo) ni ya mkoko, kalafati (kizibo cha nyufa kati ya mbao) ni ya pamba na sifa (mafuta ya papa). Ikiwa na watu watano, madema (mitego ya samaki), barafu na farumi (uzito wa kutuliza chombo) ya mifuko ya mchanga, uzito wake wote haupungui tani mbili.

Wenyewe ni wavuvi watano wa kikundi. Majina yao, kijiji na jina la chombo nimeviacha, na mambo mawili matatu ambayo yangewatambulisha nimeyageuza. Wanavua kwa madema na mishipi kati ya visiwa vya ghuba, wanatoka alfajiri na kulenga kurudi kabla mnada wa mchana haujafungwa.

Mwenye kuijua ghuba ile anajua shida iko wapi. Siku za bamvua, maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na maji yote hayo hupita kwenye milango kati ya visiwa na mafungu ya mchanga. Wakati wa kusi hakuna neno, upepo unawasukuma nyumbani. Wakati wa kaskazi wanarudi kwa kubisha, yaani kwenda upande upande dhidi ya upepo na kupindua foromali mara kwa mara, na kila kupindua ni watu watatu wasimame. Lakini kipindi kibaya kuliko vyote ni maleleji, pale kusi imekufa na kaskazi haijashika. Upepo unakatika saa sita mchana, maji yanaanza kupwa, na chombo kinarudi kilikotoka huku tanga limelala.

Ndivyo ilivyokuwa siku iliyoleta wazo la mashine ya kufunga tezini. Shwari iliwakuta nje ya visiwa, mkondo ukawachukua kusini, wakatupa nanga ukingoni mwa fungu na kusubiri maji yajae. Walifika pwani baada ya isha. Barafu ilikwisha, wachuuzi walikwisha ondoka, changu na chewa wa siku nzima wakauzwa usiku kwa bei ya kutupa. Hakuna aliyeumia, ila kikao cha kesho yake kilikuwa na agenda moja tu.

## Swali lilivyoulizwa

Kikao kilianza na jibu kabla ya swali. Ndugu wa mmoja wao, aliyeko mjini, alikuwa na mashine ya nguvu za farasi 40, mtumba, ya miguso miwili (two-stroke, inayochanganyiwa oili kwenye petroli), mguu mfupi (mguu ni sehemu inayoshuka majini na kubeba propela), na alikuwa tayari kuiacha kwa bei ya jamaa. Vijana waliipenda. "Ami, na hiyo tutakuwa tunawapita watu wa faiba," mmoja alimwambia nahodha.

Nahodha alijibu kwa maneno machache ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo yaliyookoa fedha za kikundi: "Kwenda sina haja ya mashine. Nataka ya kurudia."

Watu wengi wanaponunua mashine huanza na nguvu, halafu bei, halafu ndiyo wanatafuta pa kuifunga. Nahodha yule, bila kujua kama anafanya hesabu, alianza na kazi. Mashine ya kurudia inatumika saa moja au chini yake, kwa chombo kizito, dhidi ya mkondo au upepo wa wastani, na muda uliobaki wote inatakiwa isizuie tanga. Maelezo hayo yanatosha kuamua karibu kila kitu kinachofuata: nguvu, urefu wa mguu, propela, na mahali pa kuifunga. Nilipoitwa kushauri, niliwaomba wayarudie tena na tena kila hoja ya mashine ya 40 ilipoibuka, na iliibuka sana.

## Kwa nini 40 ilikataliwa

Chombo cha tanga hakipandi juu ya maji kama boti ya faiba. Kinayapasua maji na kuyasukuma pembeni, na kila kinavyoongeza mwendo kinajichimbia wimbi lake chenyewe. Kinafika mahali wimbi la mbele liko omoni na la nyuma liko tezini, na hapo ndipo mwisho wake. Mwisho huo unategemea urefu wa sehemu iliyo majini: chukua kipeuo cha pili cha urefu kwa mita, zidisha kwa 4.5, unapata kilomita kwa saa. Kwa mita 5.8 jibu ni karibu 11. Ukiongeza nguvu baada ya hapo, tezi inazama, omo linainuka, maji yanakaribia kuingia nyuma, na petroli inateketea.

Hesabu ya ubaoni haimshawishi kijana mwenye ndoto ya kuwapita watu, kwa hiyo ikafanyiwa jaribio. Waliazima mashine ya farasi 15 ya mguu mfupi, wakaifunga kwa muda kwenye ubao pembeni mwa tezi, wakaenda nayo kwenye maji tulivu wakitazama mwendo kwenye simu. Mpini wa moto, wa kuongezea nguvu ya mashine, ukiwa umepita nusu kidogo, simu ilionyesha kilomita 10. Mpini ulipofunguliwa wote, kelele iliongezeka, tezi ikakaa chini, na simu ikapanda kidogo sana. Kijana aliyetaka 40 ndiye aliyekuwa ameshika mpini. Hakusema kitu, lakini tangu siku ile hakuitaja tena.

Uzito nao ulikuwa na neno lake. Mashine ya 40 ya miguso miwili ina zaidi ya kilo 70. Kuitundika hiyo nyuma ya bao la mwembe la unene wa sentimita 2.5 ni kuomba msiba.

## Nane kwenye karatasi, kumi na tano sokoni

Kanuni inayotumiwa sana kwa vyombo vizito vya namna hii ni farasi 4 kwa kila tani. Tani mbili, basi, ni farasi 8. Weka akiba kwa ajili ya upepo wa mbele, useme 10. Kwa nini basi wakanunua 15?

Kwa sababu hesabu ya karatasi haijui duka la spea. Mashine za miguso miwili za 9.9 na 15 mara nyingi ni mwili mmoja, uzito ule ule wa kilo thelathini na kitu, tofauti iko kwenye kabureta na vitu vidogo. Ya 15 iko kila bandari ya samaki. Plagi, impela ya pampu ya maji, pini, gasketi, vyote vinapatikana mjini siku hiyo hiyo, na fundi wa kijiji cha jirani anaifungua akiwa amefumba macho. Siku ya kuiuza, mnunuzi hakosekani. Walichokubaliana ni kwamba ni mashine ya 15 itakayotumika kama ya 8, mpini nusu.

Ya miguso minne (four-stroke) ilizungumzwa pia. Inakula petroli kidogo zaidi na haitaki kuchanganyiwa oili. Kwa mtu wa mjini mwenye fundi mwenye vifaa ningeipendekeza bila kusita. Kwa kikundi hiki uzito wake ulikuwa mkubwa zaidi, bei ya kununua juu zaidi, na fundi wa karibu aliyeizoea hakuwepo. Waliiacha, na nadhani walifanya vyema, ingawa hesabu ya petroli ya miaka mitano ingeweza kusema vingine.

Jambo ambalo halikuwa na mjadala ni mguu mrefu. Jaribio la mashine ya kuazima lilionyesha kasoro mara tu walipotoka kwenye maji tulivu: kila tezi ilipoinuka juu ya wimbi, propela ilikula hewa, mashine ikapiga kelele, mwendo ukafa, kisha ikazama tena na kushika. Mguu mfupi umetengenezwa kwa bao la tezi la inchi 15, yaani sentimita 38. Mrefu ni kwa inchi 20, sentimita 51. Sentimita hizo 13 ndizo zinazotofautisha mashine inayosukuma na inayolia.

## Kufungwa mara ya kwanza

Hapa kisa kinaharibika. Mashine ilipatikana, msimu ulikuwa umeanza, na hakuna aliyetaka kuipandisha mashua pwani kwa siku nne. Seremala aliyeitwa ni mtu wa makabati na milango, si wa vyombo. Alichukua kipande cha mbao ya mwembe, akakipigilia kwa parafujo sita nje ya bao la tezi, upande wa kulia wa msukani, akasema kuwa ni kazi safi, na kwa macho ilikuwa safi kweli.

Upande wa kulia ulichaguliwa kwa sababu nzuri. Kikundi kile huvuta madema upande wa kushoto, na kamba ya dema na propela havipaswi kukutana. Katikati hapakuwezekana kwa sababu ya msukani. Urefu pia ulikuwa si mbaya sana: ukingo wa juu wa kibao ulikuwa sentimita 40 juu ya maji, hivyo kwa mguu mrefu bamba lililo juu ya propela lilikuwa sentimita 11 chini ya maji.

Tatizo lilikuwa kwenye parafujo. Fikiria nguvu zinavyokwenda. Propela iko chini sana ya kibao. Inaposukuma mbele, ukingo wa chini wa kibao unagandamizwa kwenye tezi na ukingo wa juu unavutwa utoke. Mashine inapoinuliwa na kuning'inia nyuma ya tezi wakati wa tanga, na chombo kinaruka juu ya mawimbi, uzito wake unafanya jambo lile lile: unavuta ukingo wa juu. Kwa hiyo parafujo za juu hazikupata hata dakika moja ya kupumzika, ikiwa mashine imewashwa au imezimwa. Na zilishikilia nini? Ubao wa sentimita 2.5, bila kitu nyuma yake, bila taruma.

Dalili ilikuwepo. Ngama, maji yanayokusanyika chini ndani ya chombo, iliongezeka. Kijana wa kufua maji alisema upo, chombo chake cha kufulia maji, unajaa haraka kuliko kawaida, na wakadhani ni kalafati ya chini. Ilikuwa ni kiungo cha mbao mbili za tezi, kilichokuwa kikifunguka na kufumba kila mashine ilipofanya kazi, kikiitapika pamba kidogo kidogo.

## Siku kibao kilipotoka

Walikuwa wanarudi kwa mashine, kaskazi ya wastani, mawimbi mafupi ya mbele. Parafujo mbili za juu zilikuwa zimekwisha toka, zilizobaki zikafuata. Kibao kilipinduka nyuma, mashine ikiwa imewaka, ikazama yote.

Haikupotea, kwa sababu moja tu. Siku ya kwanza kabisa nahodha alikuwa amefunga kamba nene kutoka kwenye mkono wa kubebea mashine hadi kwenye taruma la mwisho. Seremala alimcheka. Nahodha akasema yeye hajawahi kuamini parafujo na haanzi leo. Kamba ilikaza, wakaivuta mashine ndani ikitiririka maji ya chumvi, wakaziba kiungo kwa kitambaa, wakatweka tanga.

Kilichofanyika baada ya hapo kinastahili kuelezwa polepole, kwa sababu mashine nyingi hufa si kwa kuzama bali kwa saa chache zinazofuata.

Kijana mmoja alitaka kuvuta kamba ya kuwashia pale pale, "tuone kama ipo hai". Nahodha alikataa na kumpigia simu fundi wa kijiji cha jirani. Fundi alitoa amri tatu. Ya kwanza, asivute mtu yeyote kamba: mashine ilizama ikiwa inazunguka, na maji hayabonyei, hivyo kama kuna maji kwenye silinda, kuvuta kwa nguvu kunaweza kupinda mkono wa pistoni. Ya pili, wakifika waimwagie maji ya kisima, mengi, ndani na nje. Ya tatu iliwashangaza: kama yeye atachelewa, waizamishe mashine nzima kwenye pipa la maji baridi ya kisima na kuiacha humo.

Iliwaonekea kama kichaa, kuitoa mashine majini na kuirudisha majini. Lakini chumvi peke yake haina haraka. Chumvi pamoja na hewa ndiyo inayokula. Ndani ya pipa la maji ya kisima mashine inasubiri. Ikiachwa kivulini ikauke, kutu inaanza kwenye beringi jioni ile ile.

Fundi alifika alasiri. Alitoa plagi zote mbili, akailaza mashine matundu ya plagi yakiangalia chini, akazungusha gurudumu la juu kwa mkono, taratibu, akisikiliza kwa vidole kama kuna pahali panakwama. Maji yalitoka, kisha yakakoma. Akamwaga kabureta na petroli yote ya kwenye mpira, akatia oili kidogo kila silinda, akaweka plagi mpya, na kabla ya magharibi iliwaka kwenye pipa. Akaiacha iunguze muda mrefu hadi moshi mweupe ulipokwisha.

## Kufungwa upya

Safari hii mashua ilipandishwa, na kazi akapewa fundi wa vyombo. Njia tatu ziliwekwa mezani.

Ya kwanza ni kukata bao la tezi upande wa kulia na kulishusha, ili mashine ikae juu yake moja kwa moja. Ni imara, ni rahisi, na boti nyingi ziko hivyo. Fundi alikataa katakata: wakati wa kusi wanarudi na mawimbi yanawafuata nyuma, na tezi iliyokatwa ni mlango.

Ya pili ni boriti ya kupitisha juu ya tezi na kutokeza ubavuni, kama inavyofanywa kwenye vyombo vyenye tezi iliyochongoka. Haidhuru bao. Ila mashine inakuwa mbali na mstari wa katikati, na chombo kikilalia upande wa pili propela inatoka majini kabisa.

Ya tatu ndiyo iliyochaguliwa. Nguzo mbili za mninga zilisimamishwa nje ya tezi, na nyingine mbili ndani zikitazamana nazo, bao likiwa katikati limebanwa. Bolti za milimita 12 zilipita moja kwa moja kutoka nje hadi ndani, washa pana kila upande. Nguzo za ndani zilifungwa kwenye taruma la mwisho, na kila moja ikapewa kiegemeo kinachoteremka kuelekea sakafu ya chombo, ili nguvu ya mashine isiishie kwenye bao bali iingie kwenye mifupa ya mashua. Nje, kibao cha mvule chenye unene wa sentimita 4.5 kikawekwa sentimita 15 nyuma ya tezi, ili mashine iweze kuinuliwa bila kugonga bao. Unene huo si wa kubahatisha: vibano vya mashine ndogo havishiki vizuri ubao mwembamba, na mnene kupita kiasi hauingii.

Urefu ulipimwa mashua ikiwa majini, na watu wawili wamekaa tezini kama inavyokuwa kazini. Hili husahaulika. Ukipima chombo kikiwa mchangani au kitupu unapata namba isiyokuwepo baharini. Ukingo wa kibao uliwekwa sentimita 32 juu ya maji, na bamba la propela likawa karibu sentimita 20 chini.

Bolti za chuma cha pua zilionekana ghali, wakachukua za kuchovya zinki, kwa makubaliano kwamba zitatolewa na kukaguliwa kila mashua ipandishwapo kupakwa deheni (mafuta ya kulinda mbao za chini). Kamba ya nahodha ilibaki. Farumi ikasogezwa: mifuko miwili ya mchanga ilitoka tezini kwenda mbele ya mlingoti, kufidia uzito wa mashine na tangi la lita 24.

Kulikuwa na usumbufu ambao hakuna aliyeufikiria hadi siku ya kujaribu tanga. Mashine ikiinuliwa, kichwa chake kinasimama pale pale inapopita demani, kamba ya kuongozea tanga, wakati wa kupindua. Kamba ilijinasa mara ya kwanza, ikajinasa mara ya pili. Nahodha akakata fito ya mkoko, akaipinda ikiwa mbichi juu ya mashine kutoka nguzo moja hadi nyingine, na tangu hapo demani inateleza juu yake.

## Propela

Mashine ilikuja na propela ya pichi ya inchi 9¾. Pichi ni umbali ambao propela ingesonga kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu. Piga hesabu: mashine ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, na gia zikipunguza hadi mara 2,400 hivi, pichi hiyo ni ya chombo kinachokwenda kilomita 30 na zaidi kwa saa. Mashua hii mwisho wake 11. Matokeo yake mashine inalemewa, haifiki mizunguko yake, plagi zinakuwa nyeusi na zenye mafuta, na mtu anadhani oili imezidi.

Walibadilisha wakaweka pichi ya 8, iliyo fupi kuliko zote walizoziona dukani kwa mashine ile. Bado ni ndefu kwa chombo hiki, lakini tofauti ilisikika papo hapo: mashine ilitulia, na chombo kikaanza kuvuta mapema dhidi ya mkondo. Kati ya fedha zote zilizotumika, hizi za propela ndizo zilizoleta faida kubwa kwa kila shilingi, na ndizo zilizotolewa kwa manung'uniko zaidi.

## Matokeo

Msimu mzima uliofuata kibao hakikucheza. Ngama ilirudi kuwa ya kawaida. Siku za shwari wanawasha mashine kwenye mlango wa visiwa, mpini nusu, wanakata mkondo, na upepo ukirudi wanaiinua. Kwa mwendo huo inakula kama lita 3 kwa saa, na safari nyingi haifanyi kazi saa nzima. Mnada wanauwahi.

Kilichowashinda kwa muda ni ugomvi wa mafungu. Desturi yao ni kutoa gharama kwanza, kisha mapato kugawanywa: fungu la chombo, la nahodha, la kila baharia. Petroli ilipoingia kwenye gharama, kila mtu akawa analipia mpini wa mwenzake. Vijana walianza kuwasha mashine asubuhi pia, kufika mapema kwenye madema, na mwisho wa wiki mafungu yakapungua bila mtu kukiri sababu. Walikaa, wakaamua: petroli ya kurudi inatolewa kabla ya kugawana, petroli ya kwenda inalipwa na anayetaka kwenda nayo. Mashine yenyewe ikapewa nusu fungu, inayowekwa kando kwa spea. Uwashaji wa asubuhi ulikoma ndani ya wiki ile.

## Uchambuzi

Uteuzi ulifaulu kwa sababu kazi ya mashine ilitajwa mapema na mtu mwenye sauti. Jaribio la mashine ya kuazima lilifanya yale ambayo maelezo yasingefanya, na ningemshauri kila mwenye chombo aazime kabla ya kununua, hata kama kuazima kwenyewe ni kulipa petroli na samaki wa mboga.

Ufungaji wa kwanza ulifeli kwa kosa moja la msingi: kibao kilifungwa kwenye ubao badala ya kufungwa kwenye mataruma. Mwembe haukuwa na kosa, wala parafujo kuwa za bei rahisi. Hata za chuma cha pua zingetoka, zingechelewa tu. Seremala hakufanya uzembe kwa kazi anayoijua. Alipewa kazi asiyoijua na watu waliokuwa na haraka. Na dalili ya maji kuongezeka ilisomwa vibaya kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba kitu kilichofungwa juu ya maji kinaweza kuvujisha chombo.

Kamba ya nahodha watu huiita bahati. Sikubali. Vibano vya mkono hulegea kwa mtetemo hata vikiwa vipya, na kila mashine ndogo inapaswa kuwa na kamba yake inayokwenda kwenye taruma, si kwenye kibao. Bahati ilikuwa kwamba fundi alishika simu.

Upungufu mmoja umebaki. Mashine ikiwa upande wa kulia, chombo kikilalia kushoto kwa upepo wa nguvu, propela bado hupata hewa. Wanaposafiri kwa tanga na mashine pamoja wanalegeza demani ili mashua isimame wima, na hilo linapunguza nusu ya faida ya tanga. Kibao cha kushuka na kupanda kingesaidia, ila kina vyuma vingi vya kuliwa na chumvi, na nahodha hakitaki. Oili nayo iliwahi kuleta mzozo: kijana mmoja alichanganya ya pikipiki kwa kuwa ni rahisi. Sasa wananunua ya mashine za baharini yenye alama ya TC-W3, mililita 20 kwa kila lita kama kitabu cha mashine yao kinavyosema, na anayechanganya ni mmoja tu.

Wenye ngalawa wa kijiji kile wamekuja kuomba vipimo vya kibao hiki. Fundi amekataa kuwapa, na yuko sawa. Ngalawa haina bao la tezi, ni nyembamba, ni nyepesi, na inasimama kwa mirengu (miti ya pembeni ya kuizuia isipinduke). Mashine yake inakaa kwenye boriti ya kupitisha, farasi 5 inatosha, na urefu lazima upimwe upya na watu wake wakiwa ndani.